Nakshi, makuti au kuta nyeupe: kuchagua mtindo wa nyumba ya mapumziko Mombasa

Mtu akishapata nyumba ndogo ya mapumziko Shanzu, Kikambala au ng'ambo ya kivuko upande wa Tiwi, swali linalomkabili baada ya hatimiliki ni namna ya kuipamba. Fundi wa kwanza atamshauri aweke milango ya nakshi na vitanda vya samadari, vile vya nguzo na urembo. Wa pili atamwambia kwamba hakuna nyumba ya ufuoni bila makuti. Jamaa aliyeteremka Miritini kwa gari moshi kutoka Nairobi naye atamwonyesha kwenye simu picha za vyumba vyeupe vyenye vioo kutoka sakafuni hadi darini. Wote watatu wana hoja, na ndiyo maana wengi hukwama. Makala haya yanailinganisha mitindo hiyo mitatu kwa vipimo vilevile, ili mwenye nyumba aamue kwa kuitazama hali yake mwenyewe.

Kabla ya vipimo, lipo jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: nyumba ya mapumziko ni nyumba inayofungwa. Nyumba ya kuishi hufunguliwa madirisha kila asubuhi, hufagiwa, hupikiwa, na kasoro ndogo huonekana mapema kwa sababu kuna macho ya kuiona. Nyumba ya mapumziko hukaa wiki nyingi, pengine miezi, bila mtu wa kuilalia, huku hewa ya bahari ikiendelea kuingia kwenye kila upenyo. Kwa hiyo mtindo usihukumiwe kwa sura yake siku fundi anapokabidhi funguo, bali kwa hali utakayokutwa nayo shule zinapofungwa Agosti au Desemba na familia inapofungua mlango.

Mitindo inayolinganishwa

Wa kwanza ni mtindo wa mji wa kale, uliokuzwa na miji ya Waswahili kuanzia Lamu hadi Zanzibar. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyokandikwa chokaa. Dari ni ya boriti za mikoko, mlango wa mbele una nakshi na misumari ya shaba, na ndani mna vidaka vilivyochongwa ukutani, vitanda virefu, viti vya enzi, mikeka na taa za shaba. Anayetaka kuuona bila kualikwa nyumbani kwa mtu na atembee Ndia Kuu katika Mji wa Kale wa Mombasa, kisha afike Jumba la Mtwana huko Mtwapa, magofu ya karne ya 14 ambamo kuta za matumbawe bado zimesimama.

Wa pili ni mtindo wa makuti na mbao. Paa la makuti hulala juu ya makombamoyo ya mvinje au mikoko, upande mmoja au miwili ya sebule huachwa wazi, vibaraza vya saruji iliyolainishwa huchukua nafasi ya makochi, na fanicha huwa za mbao nzito, wakati mwingine mbao za jahazi kuukuu ambazo bado zina matundu ya misumari. Mapambo ni mikeka, vikapu, leso na vikoi.

Wa tatu ni mtindo wa kisasa wa kuta nyeupe, wenye vigae vikubwa, madirisha mapana ya alumini, jiko lililoungana na sebule, makabati yasiyo na urembo, rangi za mchanga na kijivu, na mara nyingi kiyoyozi katika kila chumba.

Msomaji atofautishe pia mwili wa nyumba na mavazi yake. Wengi wanunuapo, mwili umeshajengwa kwa matofali ya saruji na paa la mabati au zege, na wanachochagua ni mavazi tu. Hilo linabadilisha hesabu, kwa kuwa mtindo ambao uzuri wake umo kwenye kuta zenyewe hauigwi kwa urahisi kwa kununua vitu.

Vipimo

Nitatumia vipimo vitano: hewa na joto; chumvi, unyevu na wadudu; gharama ya kuanzia na ya kutunza; upatikanaji wa mafundi na vifaa; na raha ya kukaa. Kipimo cha pili nitakipa nafasi kubwa kuliko vingine, kwa sababu kwa nyumba inayofungwa ndicho huamua mengi.

Hewa na joto

Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima. Sehemu inayopokea joto kubwa ni paa, na baada ya paa ni kuta za mashariki na magharibi, ambazo hupigwa na jua la asubuhi na la alasiri likiwa chini. Pepo tunazozitegemea ni mbili: kusi, inayovuma tangu Aprili hadi Septemba hivi, na kaskazi, inayokuja mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Mtindo wowote unaozizibia pepo hizi njia utamlazimisha mwenye nyumba kununua baridi kwa stima.

Kwa kipimo hiki makuti yana nguvu za asili. Hayahifadhi joto, hupumua, na paa lake refu huipa hewa ya moto mahali pa kupanda ikawaacha watu chini. Udhaifu wake ni kwamba nyumba iliyo wazi haiwezi kuwekewa kiyoyozi kwa maana yoyote, mvua ya upepo hufika hadi kwenye viti, na chandarua hakina mjadala.

Mtindo wa mji wa kale hufanya kazi kwa njia tofauti. Ukuta wa nusu mita hivi hulichelewesha joto la nje, na chumba cha chini hubaki na ubaridi wake hadi mchana. Hata hivyo, jiwe lililopokea joto kutwa huanza kulirudisha usiku, na ndiyo maana vyumba vya juu vyenye madirisha yanayoelekeana ndivyo vinavyofaa kulala. Hapa nitoe tahadhari: anayeiga sura pekee, akaweka madirisha madogo na mapazia mazito katika nyumba ya matofali ya inchi sita chini ya mabati, amepata giza la nyumba ya kale bila ubaridi wake.

Kuta nyeupe hurudisha mwanga wa jua, na sakafu ya vigae huwa baridi kwa miguu. Zaidi ya hapo, mambo hutegemea mchoraji wa ramani. Kioo kipana kinachotazama mashariki au magharibi bila upenu huingiza jua ndani na kulifungia humo, na paa la zege lisilo na kivuli huendelea kutoa joto hadi usiku wa manane. Lakini nyumba hiyo hiyo ikiwa na varanda pana na madirisha yanayofunguka pande mbili, panka peke yake hutosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Swali ambalo ningemshauri kila mnunuzi ajiulize akiwa amesimama chumbani ni hili: je, chumba hiki kinakalika stima ikikatika saa nane mchana wa Februari?

Chumvi, unyevu na wadudu

Chumvi ya bahari husafiri na upepo, hasa wakati wa kusi, na nyumba ya mstari wa kwanza kutoka ufuoni huipokea kwa wingi kuliko nyumba iliyofichwa nyuma ya minazi na majengo mengine. Madhara yake huanza kwenye vitu vidogo, yaani bawaba, skrubu, kitasa na waya wa kuning'inizia taa. Skrubu ya chuma cha kawaida ikishika kutu hulia machozi ya kahawia ukutani, na kwenye ukuta mweupe doa hilo haliondoki bila kupakwa rangi upya. Anayechagua mtindo wa kisasa basi agharimie chuma cha pua cha daraja la 316, ambacho hustahimili chumvi kuliko kile cha 304 kinachouzwa sana madukani, na ahakikishe kwamba fundi hachanganyi skrubu za bei rahisi pale zisipoonekana. Alumini nayo haishiki kutu kama chuma, ila chumvi huitoboatoboa isipopakwa rangi ya kiwandani na kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Kuosha huko si jambo dogo, maana visima vingi vya pwani hutoa maji ya chumvichumvi, na mwangalizi wa nyumba akivitumia kuoshea vioo anaongeza tatizo analodhani analiondoa.

Shaba ya mtindo wa kale ina tabia njema zaidi. Huingia weusi, kisha ukijani, lakini haiozi ikakatika. Ukitazama mlango wa nakshi uliokaa miezi bila kuguswa, utaona ukijani umeanzia kwenye ukingo wa kichwa cha msumari, pale kinapogusana na mbao, huku sehemu ya juu ya kichwa ikiwa imefifia tu. Ukwaju au ndimu na kitambaa huirudisha ing'ae, kazi ya asubuhi moja kwa mlango mzima. Asiyependa kazi hiyo anaweza kuiacha izeeke, na wengi huiona nzuri zaidi hivyo.

Kwa upande wa kuta, chokaa ndiyo inayoelewana na matumbawe. Huruhusu unyevu utoke, na kwa kuwa ni kali kwa asili yake, kuvu hupata shida kuota juu yake. Kosa linaloharibu nyumba nyingi za kale ni kuzikandika kwa saruji. Unyevu hukwama ndani, chumvi hutafuta njia ya kutokea, ukuta huchanua unga mweupe, na hatimaye plasta hubambuka vipande vipande pamoja na rangi yake. Mwenye nyumba hupaka tena, na tatizo hurudi palepale. Iwapo umenunua nyumba ya matumbawe, tafadhali usikubali saruji hata fundi akikuapia.

Mbao nazo zina tabaka zake. Mvule, msaji na mbambakofi hustahimili mchwa na unyevu, na boriti za mikoko zinasifika kwa hilo tangu zamani. Mwembe na msonobari ni mbao za bei nafuu na zinachongeka vizuri, ila fukusi huzipenda. Dalili yake ni unga laini wa rangi ya krimu unaokusanyika chini ya mguu wa kiti au kando ya kitanda. Ukiufagia Jumatatu na ukaukuta tena Alhamisi, mdudu bado yumo kazini. Makabati ya kisasa ya MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, hayapendwi sana na fukusi, lakini yakinywa maji pembeni hufura na hayarudi tena katika umbo lake. Jikoni na msalani pa nyumba ya pwani nisingeyaweka kabisa.

Makuti ndiyo yenye wageni wengi, yaani popo, panya, mijusi na mara moja moja nge. Hilo ni la kawaida kwa paa la majani, na atakayekerwa nalo afahamu mapema. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba nyumba za makuti za mashambani zilikuwa zikilindwa na moshi wa kuni uliopanda kila siku kutoka jikoni ukayakausha makuti na kuwafukuza wadudu. Nyumba ya mapumziko inayopikiwa kwa gesi, tena kwa siku chache za mwaka, haina ulinzi huo. Makuti yake yatachoka mapema kuliko ya nyumba ya jirani yanayofanana nayo kwa kila kitu isipokuwa moshi.

Kuhusu vitambaa, jibu ni moja kwa mitindo yote. Mapazia mazito, mazulia ya manyoya na mito ya sponji iliyofungwa kwa plastiki hunuka kuvu baada ya masika mmoja, wakati pamba nyepesi ya leso na vikoi hufuliwa, hukauka kwa saa chache na kurudi mahali pake.

Gharama ya kuanzia na ya kutunza

Mtindo wa mji wa kale ni ghali mwanzoni, na sehemu kubwa ya fedha huenda kwenye mikono ya mafundi, kwa kuwa mlango wa nakshi ni kazi ya wiki nyingi. Ukikamilika, hata hivyo, hauombi mengi: kupaka chokaa baada ya mvua, kung'arisha shaba ukipenda, kutia mbao mafuta. Matumbawe na chokaa ni vifaa vya karne. Fort Jesus ilijengwa kwa matumbawe kati ya 1593 na 1596, na ingali inakabiliana na bahari hiyo hiyo.

Makuti ni rahisi mwanzoni, kisha hurudi kudai. Paa lililoezekwa vizuri, kwa makuti yaliyopangwa karibu karibu na mteremko wa digrii 45 au zaidi, kwa kawaida hutumika miaka mitano hadi saba. Paa lililolala, ambalo mafundi wengine hulipendekeza ili kupunguza makuti, huhifadhi maji na kuoza mapema zaidi. Katika miaka 20 basi, mwenye nyumba ajihesabie kuezeka upya mara tatu hivi, bila kutaja viraka vya kila mwaka. Aongeze bima, kwa kuwa makampuni huiona nyumba ya makuti kuwa na hatari kubwa ya moto, na aipange sehemu ya kuchomea nyama mbali na upande unaopelekewa cheche na upepo. Tena, maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye makuti hutoka na rangi ya chai, hayafai kujaza tangi la kunywa, na hilo ni hasara ya kweli katika mji ambao mifereji yake hukauka mara kwa mara.

Mtindo wa kisasa huwa katikati mwanzoni, ukitegemea ubora wa vigae na madirisha. Gharama yake kubwa hujificha kwenye bili ya stima, huduma ya viyoyozi ambavyo mashine zake za nje huliwa na chumvi, na rangi, kwa kuwa nyeupe haisamehe alama ya mkono wala ya mchanga. Faida yake ni kwamba gharama hizi zinatabirika, na kila kitu kilichoharibika kina kibadala dukani.

Mafundi na vifaa

Mafundi wa nakshi wapo Lamu na wachache Mombasa, na wenye sifa huwa na foleni. Atakayetaka kazi yao aagize mapema na akubali kungoja. Boriti za mikoko haziokotwi tu. Misitu hiyo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu la Kenya na hukatwa kwa kibali, kwa hiyo muulize muuzaji karatasi zake. Na mtu akikujia na mlango wa kale uliong'olewa nyumbani kwa marehemu fulani, mkatalie. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inailinda milango ya kale ya nakshi, na hata kama isingekuwako, kila mlango unaohama huiacha mitaa yetu ikiwa masikini zaidi. Mlango mpya uliochongwa na fundi aliye hai unampa kijana sababu ya kujifunza ufundi huo.

Makuti hupatikana kwa urahisi kuliko vyote. Hushonwa na akina mama vijijini Kilifi na Kwale, na wezekaji wako karibu. Tofauti ya ubora ni kubwa, ila haihitaji macho ya kitaalamu. Chukua kuti moja, lishike kwa kijiti chake na ulitikise. Likimwaga majani, au ukiweza kupitisha vidole viwili kati ya jani na jani, limeshonwa kwa haraka. Paa likishaezekwa, simama chini yake saa sita mchana, na pale unapoona mbingu yenyewe, muite fundi kabla hujamlipa salio.

Mtindo wa kisasa una mafundi kila mtaa, na wengi hudhani basi ni rahisi. Kinyume chake ndicho ninachokiona. Nakshi na makuti huficha ukuta uliopinda kidogo, lakini ukuta mweupe mtupu ulioangaziwa na taa kutoka juu huonyesha kila wimbi la mwiko. Lipia fundi mzuri wa plasta kwanza, vitu vingine vifuate.

Kwa mapambo madogo mji wetu una utajiri unaotosha mitindo yote: leso na vikoi Biashara Street, vinyago katika ushirika wa wachongaji wa Akamba kule Changamwe, kazi za mikono za Bombolulu, na mawe ya Mazeras kwa njia ya bustani na kingo za bwawa, ambayo hayatelezi kama vigae.

Raha ya kukaa

Nyumba ya mji wa kale ina utulivu wa ndani. Kuta humeza kelele, vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali, na taa ndogo ndani ya kidaka hutosha kukifanya chumba kizima kiwe cha kukalika. Baraza huwakusanya watu bila kuwapangia viti. Ni nyumba ya mazungumzo marefu na kahawa chungu. Anayetaka kuamka akaiona bahari kutoka kitandani, hata hivyo, ataiona ni ya kiza.

Nyumba ya makuti hulegeza watu haraka kuliko nyingine. Watoto huingia na mchanga miguuni na hakuna anayewagombeza, mvua hulia kwa sauti ya chini isiyoshtua, na mpaka kati ya ndani na bustani haupo. Kinachokosekana ni faragha. Mara nyingi kuta za vyumba haziufikii upeo wa paa, kwa hiyo kikohozi cha chumba cha kwanza husikika chumba cha mwisho, na familia yenye wakwe na watoto wadogo pamoja izingatie hilo.

Nyumba nyeupe huyapumzisha macho na kuiacha bahari iwe picha ya ukutani. Walioishi mwaka mzima katikati ya makaratasi na magari huipenda kwa sababu hiyo, na haki yao. Hatari yake ni kufanana na chumba cha hoteli popote duniani. Mkeka mmoja mkubwa wa miyaa, mito iliyoshonwa kwa leso na benchi moja la mvule huiondoa hatari hiyo kwa gharama ndogo. Chagua pia vigae vyenye uso wa kukwaruza msalani na kando ya bwawa, maana vigae vinavyong'aa vikilowa huwaangusha wazee.

Kuhusu kuchanganya

Wengi wataishia kuchanganya, na hakuna ubaya, mradi mtindo mmoja uwe mwenyeji na mingine ije kama wageni. Mwenyeji huamua kuta, sakafu na paa. Wageni huleta kitu kimoja au viwili. Mchanganyiko ninaoupenda mimi ni kuta nyeupe za chokaa, mlango mmoja wa nakshi, na makuti juu ya varanda pekee, mahali ambapo moto au kuvuja hakutahatarisha vitanda. Nakshi inataka ukuta mtupu kando yake ili ionekane. Ikiwekwa mlangoni, kitandani, kabatini na kwenye fremu ya kioo katika chumba kimoja, jicho halioni hata moja.

Kwa hali yako

Ukikodisha kwa usiku mmoja mmoja na wageni wanapishana kila wiki, mtindo wa kisasa, ukiwa na vitu vya hapa, utakuhudumia vizuri, kwa kuwa husafishwa haraka na kila kitu hubadilishwa bila kumtafuta fundi maalumu. Makuti pia huvutia wageni wa aina hii, ila uwe na mwezekaji unayemwamini na mitungi ya kuzimia moto inayokaguliwa.

Ukiwa na familia kubwa inayokuja Aprili, Agosti na Desemba, tena watoto wengi na muda mwingi unatumika nje, sebule ya makuti iliyo wazi pamoja na vyumba vya kulala vya mawe au matofali vilivyofungwa vizuri itawatosha wote, wazee wakipata faragha na watoto wakipata uwanja.

Ukipanga kuhamia hapo ukistaafu, na nyumba itakaa na watu karibu mwaka mzima, mtindo wa mji wa kale unastahili gharama yake. Madirisha yatafunguliwa kila siku, shaba itaguswa, na unaweza kuujenga polepole: mwaka huu mlango, mwaka ujao vidaka.

Ukiwa umenunua fleti ghorofa ya tatu Nyali, mwili wa nyumba huwezi kuubadilisha, na pengine wasimamizi wa jengo hawatakuruhusu kugusa hata dirisha. Anza na weupe uliopo, weka panka kabla ya kiyoyozi, na fedha za mapambo ziende kwenye kitu kimoja cha mbao kilichochongwa vizuri.

Ukiwa mstari wa kwanza wa bahari, mtindo wowote uupendao upunguzie vyuma na vioo, na uongezee mbao nzito na chokaa. Ukiwa na fedha kidogo sasa na matumaini ya nyingine baadaye, makuti yatakupa nyumba ya kukalika mapema, mradi nguzo na msingi vijengwe kwa kuzingatia paa zito litakalokuja.

Ukiwa huna mwangalizi wa kudumu, usijenge kwa makuti wala usinunue vitanda vya samadari vyenye vitambaa vya kuning'inia. Chagua sakafu ya saruji au vigae, kuta za chokaa, mbao za mvule au msaji, magodoro yanayoweza kusimamishwa kando ya ukuta, na madirisha yenye vipenyo vya hewa vilivyofunikwa kwa wavu ili nyumba ipumue ikiwa imefungwa.

Na ukiwa bado hujaamua, kodi nyumba ya kila mtindo kwa usiku mmoja au miwili, ikiwezekana mwezi Mei mvua ikiwa imekolea. Ukiingia, nusa godoro kabla ya kutandika shuka, fungua kabati na upitishe kidole kwenye ukuta wake wa nyuma, kisha muulize mwangalizi ni kazi gani anayoirudia kila mwezi na ni fundi yupi humpigia simu mara nyingi.